Mizani ya Meya: Sheikh Kaluta Amri Abedi na Siasa za Kati

Iko hoja inayopita midomoni kwa wepesi mno: kwamba zama za kudai uhuru wa Tanganyika zilikuwa na wapiganaji wa kweli, kama Zuberi Mtemvu aliyejitoa TANU, chama kilichoongoza madai hayo, mwaka 1958 kwa kuzikataa kura tatu zilizomtaka mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na zilikuwa na watu wa kati, wasiomkera mtu, waliotunukiwa vyeo kwa upole wao. Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, hutiwa katika kapu hili la pili. Historia ya TANU mnaijua, sitairudia. Nitashughulika na kapu.

Asiyetaka kumkera mtu hashiki njia aliyoishika yeye. Alikuwa mubalighi wa jumuiya ya Kiislamu ya Ahmadiyya, aliyeshiriki katika tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1953 na kupingwa vikali na masheikh wa Kisunni. Mwaka 1960 akawa meya wa mji ambao Waislamu wake wengi hawakuikubali jumuiya hiyo. Woga ungemshauri ajitenge nayo kimyakimya, hakujitenga. Ukati wake, basi, haukuwa kukosa msimamo, bali kutomdai jirani msimamo uleule ndipo wauendeshe mji pamoja. Mtasema umeya wa kabla ya uhuru ulikuwa joho tu: gavana yupo, na mji bado umekatwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, Kariakoo ikiwa fungu la Mwafrika. Ni kweli, na meya hakuifuta mipaka ile. Lakini kura tatu zenyewe ziliwaingiza katika Baraza la Kutunga Sheria wagombea walioungwa mkono na TANU. Mtego uligeuzwa ngazi. Mtemvu, aliyeukataa mtego huo, alipogombea urais mwaka 1962 hakufikisha asilimia 2 ya kura. Uchache wa kura haumfanyi mtu kuwa mwongo. Ila unatuzuia kudai kwamba umma ulikuwa upande wake ukasalitiwa.

Shahidi wangu mkuu wa ukati huo ni kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi. Hapo kanuni zilizokaa vifuani mwa malenga zinawekwa mezani, kila mtu azisome na kuzihoji: vina, beti, na mizani, yaani idadi ya silabi. Katika shairi lililozoeleka, mshororo una mizani 16, nane kila upande. Upande mmoja ukizidi, wimbo unachechemea. Muuza mchele wa Kariakoo naye ana mizani, na mteja huiamini kwa sababu haimjui mwenye duka; kanuni iliyo wazi nayo haimpendelei aliyeiandika. Mtanijibu kwamba ushairi si ushahidi wa siasa. Pengine. Hata hivyo nashikilia kwamba aliyeandika sheria zinazomfunga yeye mwenyewe kwanza alikuwa tayari kwa uwaziri wa sheria aliopewa mwaka 1963. Alifariki Oktoba 1964, akiwa na miaka 40 tu. Uwanja wa michezo wa Arusha unaitwa kwa jina lake. Wengi wanaoshangilia humo hawajakifungua kitabu chake. Kifungueni kabla ya kumhukumu.