Kumsoma Ngege wa Ziwa Victoria



Mwanafunzi wa elimu ya samaki apelekwapo Dunga, karibu na mji wa Kisumu, yampasa kufika alfajiri, mitumbwi inaporudi na samaki hawajauzwa. Huchukua ubao wa kupimia, mizani, kisu na daftari. Kazi yake ya kwanza haipendezi: hupasua matumbo ya mbuta na kuhesabu vilivyomo. Hukuta dagaa, ambao Waluo huwaita omena, na uduvi wadogo wa ziwani. Pengine hukuta mbuta mchanga, kwani samaki huyu hula hata watoto wa jamii yake.

Lakini yule ambaye kila mwalimu angetaka kumwonyesha, yaani ngege, ni vigumu kumpata hapo. Ngege dume huchimba shimo la duara mchangani. Jike hutaga humo, kisha huyaokota mayai na kuyalea kinywani mwake mpaka yaanguliwe. Hata baadaye, watoto wakiona hatari, hukimbilia kinywani mwa mama yao. Mbuta hutaga mayai kwa mamilioni na kuyaacha majini. Ngege hutaga machache sana, kwa hiyo akivuliwa kabla ya kuzaa, hasara yake ni kubwa.

Hapo zamani watu wa ziwa walivua kwa migono. Reli ilifika ziwani mwaka 1901, na mwaka 1905 zikaletwa nyavu za kitani. Ngege wakajaa nyavuni, wakasafirishwa kwa gari la moshi. Baadaye wakaanza kupungua. Mwaka 1927 na 1928 Bwana Michael Graham alilichunguza ziwa, na katika taarifa yake ya mwaka 1929 akashauri kwamba tundu la wavu lisipungue inchi 5, ili ngege asiyezaa bado apate kupita. Ushauri huo ukafanywa sheria, nayo haikupendwa. Wala si haki kumlaumu mvuvi peke yake: mtu mwenye deni la wavu na watoto wanaongoja chakula hawezi kumsubiri samaki akue.

Sheria hiyo iliondolewa Tanganyika na Uganda mwaka 1956, na Kenya mwaka 1961. Katika miaka hiyo hiyo mbuta na samaki wengine wageni walitiwa ziwani, na kufika miaka ya 1980 mbuta alikuwa amelijaza ziwa. Ngege akatoweka humo karibu kabisa.

Kwa sababu hiyo safari ya wanafunzi yafaa iendelee mpaka Kanyaboli, ziwa dogo la Siaya lililozungukwa na mafunjo ya kinamasi cha Yala. Mbuta hakufika huko, na ngege angali yupo. Mwalimu humpokea jike kutoka kwa mvuvi, humfungua kinywa polepole juu ya beseni la maji, na mayai ya rangi ya manjano huteremka. Wanafunzi ambao asubuhi walikuwa wakicheka hunyamaza na kuhesabu. Upande wa pili wa mafunjo ni mashamba, kwani sehemu ya kinamasi imekwisha kukaushwa ili kulimwa.

Wakimaliza mayai, huziendea nyavu zilizoanikwa ukingoni, wakanyoosha tundu moja moja, wakapima kutoka fundo hadi fundo, na kuandika inchi zake katika ukurasa ule ule wa mayai.