Tutembeleane Bustanini, na Chai Isipikwe

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Vihiga)

Tumeombwa tuwaeleze jinsi sisi marafiki saba tunavyotengeneza bustani zetu za nyumbani. Sisi si mradi. Hatuna mfadhili wala kitabu cha risiti. Tunapenda bustani tu, na tunapenda ipangwe vizuri hata macho yafurahi. Mara moja kwa mwezi, siku ya Jumamosi, tunakwenda kwa mmoja wetu.

Kanuni yetu ya kwanza haihusu udongo. Ni hii: chai haipikwi. Mnacheka, lakini sikilizeni. Mwenzetu mmoja alipotea miezi mitatu. Kumbe zamu yake ilikuwa imekaribia na nyumbani hakuna sukari. Alikuwa na mrenda na saga ya kutushinda sisi sote, ila aliona haya kupokea wageni bila kikombe. Tulipokubaliana kwamba mwenyeji atatoa maji ya kunywa na kijiti cha kuchorea, alirudi.

Kijiti, ndiyo. Tunachora boma zima hapo chini kwenye vumbi: nyumba, jiko, bafu, choo, njia, na pale ng'ombe anapofungwa. Kisha tunauliza, maji unayomwaga yanakwenda wapi? Swali hili ni kubwa, maana Januari na Februari ndipo bustani nyingi za huku kwetu hukauka. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuza vyombo yatumike, lakini yamwagwe kwenye shina, si juu ya majani. Maji ya bafu na ya kufua yenye sabuni nyingi tunayachimbia mfereji mdogo hadi kwenye migomba. Mgomba hunywa sana na haulalamiki.

Halafu tunapima hatua kutoka mlango wa jikoni. Mboga ya kuchumwa kila siku, kama kunde, managu na mitoo, ikae karibu. Viazi vitamu na mihogo vinaweza kungoja huko chini. Bustani ya mbali mwenyewe huisahau, lakini kuku hawaisahau, kwa hiyo ua ujengwe kabla mbegu haijatiwa.

Tuta letu lina upana wa mita 1 hivi, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga. Tunachimba mara mbili: tunatoa udongo wa juu kina cha sentimita 30, tunalegeza sentimita 30 nyingine za chini kwa jembe la meno, kisha tunarudisha ule wa juu ukiwa umechanganywa na mbolea. Njia hii imefundishwa sana na kituo cha Manor House karibu na Kitale, kilichoanzishwa mwaka 1984. Ni kazi ngumu, hatutawadanganya. Mtu mmoja hukata tamaa, lakini watu saba humaliza tuta na bado wakapata muda wa porojo. Mwenye samadi kidogo akate majani ya titonia, ule mmea wa ua la njano kama alizeti ndogo uliojaa kando ya barabara, ayafukie mapema kabla ya kupanda. Watafiti waliuchunguza hapa magharibi katika miaka ya 1990, wakaona majani yake yana chakula kingi cha mimea. Nasi tunaukata bure.

Mzee mmoja alituuliza, "Na hayo maua kando ya njia, yanaliwa?" Hapana, mzee wetu, hayaliwi. Lakini njia iliyopakana na maua hakuna anayeikatiza kwa kukanyaga tuta, na nyuki wakija kwenye maua watapita pia kwenye maboga. Na hata kama wasingepita, jamani, mama akiinua macho kutoka kwenye moshi, aone kitu kizuri!

Sasa jambo gumu. Si kila mmoja wetu ana ardhi. Huku kwetu mti ni kama sahihi juu ya shamba. Ukipanda parachichi kwa mashemeji bila kuzungumza, umeanzisha kesi. Kwa hiyo mti hauingii kwenye mchoro mpaka wenye shamba wameketi wakakubali. Rafiki yetu anayepanga chumba kule sokoni hana hata mahali pa kuketi mazungumzo hayo. Yeye tulimtengenezea magunia, kama yale yaliyoenea Kibera baada ya vurugu za 2008. Unasimamisha mkebe usio na kitako katikati, unaujaza kokoto, unazungushia udongo wenye samadi, kisha unauvuta mkebe juu na kuujaza tena hadi gunia lijae. Kokoto hizo ndizo mfereji wa maji. Sukuma wiki hupandwa kwenye matundu ya ubavuni, vitunguu juu.

Mwenye nyumba alipomwambia ahame, tulikodi mkokoteni. Gunia lililojaa halibebwi na mtu mmoja, tulikuwa wanne kwa kila moja. Sukuma zilinyauka siku mbili, zikasimama.

Haya, hapo nje tumeweka gunia, mkebe na madebe mawili ya kokoto. Twendeni tujaze moja pamoja kabla mvua ya saa tisa haijatukuta.