Gari Lililolala na Kabureta Yake

Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari za gari la zamani lililosimama siku nyingi, na jinsi ya kuliamsha.

Sisi wa Ifakara twakaa katika bonde la maji. Masika yajapo, mito hushuka kwa nguvu kutoka milima ya Udzungwa, na mbuga hugeuka kuwa ziwa. Zamani magari yalivushwa Mto Kilombero kwa pantoni. Sasa twapita juu ya daraja. Lakini daraja halimfai mwenye gari lisilowaka. Mama akishikwa na uchungu usiku, watu huikimbilia ile Land Rover kuukuu iliyo bandani, nayo haitoi hata mlio. Mara nyingi ugonjwa wake umo katika kabureta.

Yatupasa kwanza kujua kazi ya chombo hiki. Kabureta huchanganya petroli na hewa, kadiri ya kilo 15 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Hewa hupita kwa kasi katika koo jembamba, ikavuta petroli kupitia vitundu vidogo sana vya shaba, ikawa kama ukungu. Ukungu huo ndio uwakao ndani ya injini.

Basi petroli ikikaa muda mrefu, sehemu zake nyepesi huruka, na zilizobaki huungana na hewa zikafanya utomvu unatao kama ulimbo. Utomvu huo huziba vitundu. Unyevu nao huingia tangini. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hukaa chini yakaleta kutu. Nyigu hujenga kwa udongo katika mabomba, na panya huzaa penye chujio la hewa. Anayetia petroli mpya juu ya kuukuu na kuzungusha stata mpaka betri ife, huusukuma uchafu ndani zaidi.

Njia iliyo njema ni hii. Lisukumeni gari nje ya banda, mfungue waya za betri. Taa ya moto na sigara zikae mbali, kwani mvuke wa petroli hutambaa chini hata ukafika jikoni. Msinyonye petroli kwa mdomo: ikiingia mapafuni yaweza kuua. Itoeni yote kwa tundu la chini ya tangi, wala msiimwage kisimani au mtoni. Safisheni tangi, mabomba na machujio.

Kisha fungueni kabureta, mkipanga kila kipande juu ya kitambaa cheupe kwa utaratibu mliokitoa. Osheni kwa petroli safi, mpulize vitundu kwa pampu ya baiskeli. Msichokoe kwa waya! Tundu lilipimwa kiwandani; likipanuka, injini itakunywa petroli kupita kiasi, wala halirudi tena udogo wake. Tikiseni boya karibu na sikio: likilia maji ndani, limetoboka. Sindano iliyolika ncha, gaskiti zilizokauka na mipira iliyopasuka, vyote vibadilishwe.

Mkiisha kuunganisha, tazameni oili, mzungushe injini polepole kwa hendeli. Jazeni petroli mpya, mkague kila kiungo kama kinavuja. Hapo tena fungeni waya za betri mkaliwashe.

Na mwakani, kabla ya kulilaza gari, itoeni petroli tangini, mkaiache injini iwake mpaka kabureta ikauke. Kazi hiyo ni ya nusu siku tu, ifanywe wakati wa jua. Usiku wa mvua, mgonjwa akiwa mlangoni, hakuna fundi awezaye kuosha kabureta kwa haraka.