Unganisha kabla ya mvua, gawanya maua yakifunguka

Hotuba iliyotolewa kwa vikundi vya wafugaji wa nyuki katika Ukambani

 

Neno nililoombwa kulizungumzia ni hili: mizinga ni mingi, asali ni kidogo. Kikundi kimetundika mizinga kumi na mitano, lakini siku ya kurina ni mitatu tu inayotoa asali ya kuuza. Mingine ina nyuki wachache, mingine ina nondo na utando mtupu. Halafu watu wanaanza kulaumiana. Huyu anasema mwenzake ana mkono mbaya, yule anasema mzinga wake umerogwa. Sasa leo tuache lawama, tuwaangalie nyuki wenyewe.

NYUKI WENGI PAMOJA NDIO ASALI

Ndani ya mzinga kuna kazi za nyumbani ambazo lazima zifanywe. Watoto walishwe, wapewe joto, mlango ulindwe, maji yaletwe. Kundi likiwa dogo, karibu nyuki wote wanamalizwa na kazi hizo. Wanaobaki kwenda kwenye maua ni wachache, na wanacholeta kinaliwa hapo hapo. Kundi likiwa kubwa, kazi za nyumbani zinafanywa na sehemu tu, na wengine wote wanatoka. Kwa hivyo makundi mawili dhaifu hayawezi kukupa asali sawa na kundi moja lenye nyuki wa makundi hayo mawili. Mama mwenye mizinga miwili dhaifu hana mizinga miwili. Ana kazi mbili na hana asali.

Jambo la pili ni wakati. Nyuki kibarua hutoka katika chumba chake siku kama 20 baada ya yai kutagwa. Hata akitoka, haendi mauani mara moja. Kwanza anafanya kazi za ndani kwa wiki mbili au tatu. Hesabu wewe mwenyewe: nyuki atakayekusanya asali wakati wa maua, yai lake lilitagwa wiki 5 au 6 zilizopita. Vitabu vya Ulaya vinasema mambo haya hufanywa baridi ikiisha. Sisi hapa tunahesabu kwa mvua. Mvua ya vuli ikitarajiwa mwisho wa Oktoba au Novemba, mfugaji afungue mizinga yake kuanzia katikati ya Septemba. Anayengoja mpaka maua yafunguke amechelewa.

NAMNA YA KUUNGANISHA

Nitasema juu ya mzinga wa vibao vya juu, kwa sababu ndio mlio nao. Mzinga huu ulitengenezwa hapa Kenya miaka ya 1970, kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph cha Canada. Uzuri wake ni kwamba kila sega linaning'inia kwa kibao chake, na unaweza kulihamisha bila kulivunja. Mzinga wa gogo hauruhusu jambo hili kwa urahisi.

Kwanza, hakikisha makundi yote mawili ni mazima. Ukiona watoto waliokufa, harufu mbaya au masega yaliyoliwa na nondo, usiunganishe. Hata utitiri wa varoa, uliotambuliwa nchini Kenya mwaka 2009, hubebwa na nyuki wenyewe kutoka mzinga hadi mzinga. Ukiunganisha kundi gonjwa na zima, umepata magonjwa mawili badala ya moja.

Pili, ileta mizinga karibu. Nyuki hukumbuka mahali pa nyumba yao kuliko rangi ya mzinga. Ukiuhamisha mita hamsini leo, kesho watarudi kuzunguka mti wa zamani. Sogeza chini ya mita moja kwa siku, jioni, mpaka mizinga ikaribiane. Kama iko mbali sana, peleka ule dhaifu mahali pengine zaidi ya kilomita 5 kwa wiki mbili au tatu, halafu umlete usiku karibu na mwenzake.

Tatu, chagua malkia. Mzinga mmoja, malkia mmoja. Bakisha yule anayetaga vizuri, yaani watoto wake wamejaa katika sega bila mapengo mengi. Yule mwingine mtoe na umuue siku moja kabla ya kuunganisha. Najua wengi mnaona vibaya kumuua malkia. Lakini ukiwaachia wapigane wenyewe, anaweza kushinda yule dhaifu, au abaki aliyejeruhiwa.

Nne, ngoja jioni, uwe na moshi wa kutosha, nguo za kujikinga na mwenzako wa kukusaidia. Watoto na mifugo wawe mbali. Masega ya kundi lenye malkia yasukume upande wa mlango. Chukua karatasi moja ya gazeti, uikate ifuate umbo la mzinga, uibandike kwa nta kwenye kibao kitupu ili iwe kama pazia kutoka juu mpaka chini. Toboa matundu machache kwa mwiba. Nyuma ya pazia weka masega ya kundi la pili pamoja na nyuki wake, ufunike.

Kwa nini gazeti? Nyuki hutambuana kwa harufu. Ukiwachanganya ghafla watauana mpaka asubuhi uzoe debe la mizoga. Wakiwa wanatafuna karatasi pande zote mbili, harufu zinachanganyika polepole, na siku watakapokutana tayari ni ndugu. Baada ya siku mbili au tatu utaona vipande vya karatasi vimetupwa mlangoni. Waache wiki nzima kabla ya kufungua.

MZINGA NI WA NANI SASA?

Hapa ndipo vikundi vinapovunjika, kwa hivyo nisikilizeni vizuri. Mzinga dhaifu wa Mama huyu umeingia katika mzinga wa Mzee yule. Asali ikipatikana, nani mwenyewe? Kama hamkukubaliana mapema, hiyo asali itakuwa chungu.

Shauri langu ni kuandika katika kitabu cha kikundi, mbele ya mashahidi, kabla ya kuwasha moshi. Andikeni kila mmoja ameleta masega mangapi yenye watoto. Andikeni asali ya msimu huu itagawanywa vipi. Na andikeni kwamba kundi likipata nguvu, litagawanywa, na aliyeacha mzinga wake mtupu atarudishiwa nyuki. Hivyo kuunganisha si kunyang'anya. Ni kama kukopeshana jembe, na jembe lina siku ya kurudi.

MAUA YAKIFUNGUKA

Sasa mvua imenyesha, migunga imechanua na kundi limejaa. Hapo shida inageuka: nyuki wanataka kugawanyika. Wengine huchanganya mambo mawili. Kuhama ni nyuki wote kuondoka, kwa sababu ya njaa, siafu, jua kali au kusumbuliwa. Dawa yake ni maji, kivuli, na grisi kwenye waya za kutundikia. Kugawanyika ni malkia mzee kutoka na nusu ya kundi au zaidi, akaacha nyumba kwa malkia kijana. Hiyo ni dalili ya nguvu, lakini asali uliyoingojea inaondoka nao, kwa maana kila nyuki hujaza tumbo kabla ya safari.

Dalili zake ni hizi: madume wengi, nyuki wamerundikana mlangoni jioni, na ukingoni mwa masega kuna vyumba vya malkia vinavyoning'inia kama karanga ndani ya ganda. Vyumba hivyo vikianza kufunikwa, bumba liko karibu kutoka. Kwa hivyo wakati wa maua kagua kila wiki.

Kabla ya vyumba hivyo kuonekana, ongeza nafasi. Rina masega ya asali yaliyofunikwa, weka vibao vitupu, na kimoja au viwili uviingize kati ya masega ya watoto. Lakini usirine yote, na sega la watoto usiliguse. Anayekamua watoto pamoja na asali anapunguza vibarua wa mvua ijayo.

Vyumba vya malkia vikishaonekana, usishindane nao. Huo ndio wakati wa kulipa deni lililoandikwa kitabuni. Mtafute malkia mzee, umpeleke katika mzinga mtupu wa mwenzako pamoja na masega matatu au manne ya watoto na asali, na nyuki waliomo juu yake. Mzinga wa zamani uachie vyumba viwili vizuri vya malkia, vingine uvunje, la sivyo mabumba madogo yatatoka moja baada ya jingine. Malkia kijana lazima atoke nje kupandwa na madume kabla ya kutaga, kwa hivyo mzinga huo usiufungue kwa wiki tatu.

Hapo kila mmoja ana mzinga wake tena, na safari hii una nyuki ndani.

Na kama bumba limekwisha toka? Usilipigie kelele wala kulitupia mawe. Tundika mzinga mtupu uliopakwa nta ndani, uusafishe buibui na mende. Mabumba mawili madogo yaliyokamatwa siku moja yanaweza kukung'utwa katika mzinga mmoja kwa moshi mwingi, maana yakiwa hayana nyumba ya kulinda, hayana vita vikubwa.

Nimemaliza. Kabla hamjatawanyika, nawaomba makatibu wa vikundi waandike mizinga yote ambayo nyuki wake hawafuniki masega matano. Hiyo ndiyo ya kuanza nayo mwezi wa Septemba.