Kibanda cha Kulala Juu ya Pikapu: Uzito Kwanza

Kibanda cha kulala kinachopakiwa juu ya pikapu ni chumba kidogo chenye kuta ngumu, kitanda, mahali pa kupikia na tangi la maji. Hukaa katika sehemu ya mizigo, mara nyingi kitanda kikitokeza juu ya kebini ya dereva, nacho hufungwa kwa vyuma vya kukaza ili kiweze kushushwa safari inapokwisha. Kinachokitenga na hema la juu ya gari ni kuta zake. Hazikunjwi, hazichaniki kwa kucha za nyani, na mlango wake hufungwa kwa kufuli.

Kwa wasafiri wa Thika na Ruiru, sifa hizo zina kazi ya kweli. Karibu na Thika, upande wa mashariki, upo Ol Donyo Sabuk, mlima wa mita 2,145 wenye msitu na nyati wengi. Upande wa magharibi barabara hupanda kupitia mashamba ya majani chai hadi bwawa la Ndakaini na misitu ya Kimakia na Kieni, ambako usiku wa Julai huwa wa baridi na ukungu mzito. Safari zenyewe ni nyepesi: murram, vijia vya msituni, kijito cha kuvuka, kipande cha tope. Hakuna anayepanda miamba kwa gari lililobeba chumba, na asiyeelewa mpaka huo hununua kitu kisichomfaa.

Uchaguzi huanzia kwenye gari, kwa sababu pikapu nyingi zinazouzwa Kenya, kama Toyota Hilux na Isuzu D-Max, hubeba takriban tani moja, na baadhi ya zile za kebini mbili hubeba pungufu ya hapo. Kibati kidogo kwenye gari, au kitabu chake, huonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa. Ukitolewa humo uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho cha kugawana kati ya watu, maji, vyakula na kibanda chenyewe.

Chukua pikapu inayobeba kilo 1,000. Wasafiri wawili huchukua kama 150. Lita 60 za maji ni kilo 60 kamili. Mtungi wa gesi wa kilo 6, ukihesabiwa pamoja na chuma chake, hufika karibu 13; betri ya asidi ya kuwashia taa na friji, 30; friji yenyewe, 20. Gurudumu la akiba na vifaa vya kujinasua vinaweza kufika 60, na matandiko, nguo na chakula 60 nyingine. Hizo ni karibu 400. Ikiachwa akiba ya 150, kwa kuwa gari linalotembea kwenye mashimo halifai kujazwa hadi ukomo wake, kibanda kitupu kinabakiwa na kilo 450 tu. Vibanda vingi vya Marekani, vilivyokusudiwa pikapu kubwa za huko, huzidi kiasi hicho maradufu. Hesabu hii ndiyo inayopaswa kutangulia rangi, dirisha na sinki. Ikishafanywa karatasini, ithibitishwe kwenye mizani, gari likiwa limepakiwa kama la safari.

Mafundi wengi huitatua shida ya uzito kwa kuongeza springi za nyuma. Springi huzuia gari kukaa chini, lakini breki, ekseli, beringi na chesisi ni zilezile za mwanzo, na uzito unaoruhusiwa haupandi hata kilo moja. Mahali uzito unapokaa napo pana hatari yake. Pikapu ya kebini mbili ina sehemu fupi ya mizigo, kwa hiyo kibanda huning'inia nyuma ya ekseli, huinua pua ya gari, hulegeza usukani, na kila shimo huipinda chesisi nyuma ya kebini. Zimeonekana chesisi zilizovunjika mahali hapo. Kwa watu wawili, pikapu ya kebini moja ndiyo chaguo bora bila ubishi, maana uzito hukaa mbele ya ekseli ya nyuma au juu yake. Familia yenye watoto, inayohitaji viti vya kebini mbili, itahudumiwa vizuri zaidi na kanopi nyepesi pamoja na hema.

Swali la nani akitengeneze kibanda lina jibu la karibu. Thika ni mji wa kuunganisha magari tangu miaka ya 1970, kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers kilipoanza kwa jina la Leyland Kenya, na eneo lote hadi Nairobi lina mafundi wa bodi za mabasi na malori. Wapo pia wanaounda bodi za kusafirishia maziwa, nyama na maua, zenye ukuta wa fiberi pande mbili na povu gumu katikati. Ukuta wa namna hiyo ndio unaofaa zaidi kwa kibanda: ni mwepesi, huzuia joto na baridi, na hauozi. Fremu ya chuma iliyochomelewa na kufunikwa mabati ni rahisi na hutengenezeka kila mtaa, ila ni nzito, na usiku wa baridi mvuke wa pumzi za waliolala hugeuka maji juu ya chuma na kudondoka. Plaiwudi ni nyepesi, lakini tundu moja linalovuja huiozesha kimyakimya kutoka ndani. Anayenunua kilichotumika abonyeze sakafu na pembe za chini ya kitanda kwa kidole gumba. Panapobonyea, maji yameshaingia.

Kibanda cha kuagiza kutoka nje huleta mambo ambayo picha hazionyeshi. Cha Marekani hutumia umeme wa volti 120 wakati wa Kenya ni 240, mitungi yake ya gesi haiingiliani na ya hapa, na kivuli chake cha pembeni hufungukia kulia, maana huko magari hupita upande wa kulia. Kenya, kikisimama kando ya barabara, kivuli hicho hufungukia magari yanayopita. Cha Afrika Kusini au Australia hakina kasoro hiyo, kwa kuwa nako hupita kushoto.

Sheria inaangalia kama chumba ni mzigo au ni bodi. Kikichomelewa moja kwa moja kwenye chesisi, aina ya bodi imebadilika, na mabadiliko hayo hupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili stakabadhi za gari zilingane nayo. Mmiliki wa kibanda cha kushushwa naye aipate idhini ya kampuni yake ya bima kwa maandishi kabla ya safari ya kwanza.

Ndani ya chumba kilichofungwa, hewa ni suala la uhai. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, hivyo kabati la mtungi lazima liwe na matundu chini, yanayotokea nje. Juu ya kitanda pawe na tundu jingine lisilozibika. Jiko la makaa lisiingizwe kamwe, hata baridi ya Kimakia iwe kali kiasi gani; hewa yake yenye sumu haina harufu, na huua watu usingizini.

Kimo huamua njia. Kibanda kigumu kinaweza kulifikisha gari karibu na mita 3 kutoka ardhini, na matawi ya msituni hayajakatwa kwa kipimo hicho. Kimo kamili kiandikwe mbele ya macho ya dereva. Kwenye barabara kuu ya Thika upepo wa kando na malori yanayopita hulitikisa gari refu, kwa hiyo mwendo upunguzwe.

Udongo nao hubadilika ghafla. Magharibi ya Thika ni mwekundu, na mvua ya Aprili huufanya uteleze kwenye miteremko. Kwenye tambarare za Juja na kuelekea mashariki kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, unaojaza kashata za tairi na kulizamisha gari zito hadi ekseli. Kupunguza upepo wa tairi husaidia kwenye mchanga na murram laini, mradi ujazwe tena kabla ya kurudi lami, maana tairi laini lililobeba tani hupata moto na kupasuka. Kwenye udongo mweusi uliolowa, husubiriwa jua likaushe njia.