Jina Lako Liko CRB, Je, Umelisoma?



Nimeombwa nizungumze juu ya deni, lakini leo nitalizungumzia daftari la deni. Wengi wetu tukisikia "fulani yuko CRB" twafahamu kuwa amekula pesa za watu. Sivyo. Ukishachukua mkopo wa benki, hata ule wa M-Shwari wa shilingi 500, tayari uko huko. Waliolipa wako, na wasiolipa wako. Tofauti ni kilichoandikwa mbele ya jina.

Ofisi hizi, kama Metropol, TransUnion na Creditinfo, ni kampuni zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Hazikopeshi mtu. Hupokea taarifa kutoka kwa wakopeshaji na kuziweka, na mkopeshaji mwingine akiuliza habari zako, huambiwa. Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa, huandikwa kuwa mbaya.

Kuna atakayesema: mimi nimejiepusha na riba, hayo hayanihusu. Ndugu yangu, benki inayofuata sharia nayo ina leseni ya Benki Kuu hiyo hiyo. Ukinunuliwa gari kwa murabaha kisha ukaacha kulipa, habari zako zitafika kule kule. Wala kuandika deni si jambo geni kwetu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqarah, yahusu kuandikiana deni, na mwandishi ametakiwa aandike kwa uadilifu. Basi wewe umeshatazama yako imeandikwaje?

Maana makosa yapo, tena mengi. Deni limelipwa zamani lakini laonekana halijalipwa, kwa kuwa mkopeshaji hakupeleka taarifa mpya. Mkopo mmoja umeandikwa mara mbili. Kitambulisho kilipotea, mtu akakikopea. Mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya siku 30 kabla ya kukuandika vibaya, lakini ikiwa notisi imetumwa kwa laini uliyoitupa miaka mitatu nyuma, utaijulia wapi? Kijana hugundua siku anayotafuta cheti cha kuombea kazi, na maombi yafungwa kesho!

Kwa hivyo usingoje siku hiyo. Kila mwaka una haki ya kupata ripoti yako mara moja bila malipo. Iombe, keti, isome mstari kwa mstari. Ukiona kosa, waandikie CRB. Kupiga simu pekee hakutoshi. Andika, uambatanishe risiti au barua ya benki ya kumaliza deni, na ubaki na nakala. Wakishapokea, wana siku 5 za kazi kuweka alama kwenye ripoti kwamba jambo hilo labishaniwa, na kumjulisha mkopeshaji. Uchunguzi usipomalizika kwa siku 21, taarifa unayoipinga yafaa iondolewe. Mpelekee na mkopeshaji nakala, kwani yeye ndiye aliyeipeleka taarifa hiyo, na asipoirekebisha kwake yaweza kurudi tena.

Lakini tusichanganye mambo. Kama ulichelewa kweli kisha ukalipa, historia hiyo hubaki miaka 5 tangu ulipomaliza, na haitwi kosa. Itasomeka umelipa, na mkopeshaji ataamua mwenyewe. Deni lisilofika shilingi 1,000 nalo, tangu mwaka 2020, halifai kukuweka kwenye orodha mbaya. Ukiliona humo, lalamika.

Na wale jamaa wa "nipe elfu tano nikufutie jina"? Waacheni. Hawana ufunguo wowote wa daftari lile, na wengine hutaka hata namba ya siri ya simu yako. Cheti cha kuonyesha huna deni baya hutolewa na CRB yenyewe, na cha mara ya kwanza ni bure.