Godoro Linalomfaa Mwenye Maumivu ya Kiuno



Maumivu ya kiuno humpata karani anayeketi kutwa nzima kama yanavyompata mkulima na mchukuzi. Aghalabu mgonjwa hushauriwa na jamaa zake alale juu ya mkeka sakafuni, au atoe mshahara wa mwezi mzima kununua godoro gumu kupita yote dukani. Ushauri huo ni wa zamani, na hata madaktari wengi waliwahi kuutoa. Ni vyema ikafahamika kwamba haukuthibitika.

Mwaka 2003 madaktari wa Hispania walitangaza matokeo ya jaribio lililowahusu watu wazima 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Baadhi yao walipewa magodoro magumu, na wengine magodoro ya ugumu wa wastani, bila ya kuambiwa wamepewa lipi. Baada ya siku 90, waliolalia godoro la wastani ndio waliopata nafuu zaidi, kitandani na wakati wa kuamka. Jaribio moja si hukumu, lakini sababu yake yaeleweka. Kiuno kina mbonyeo wake wa asili. Godoro gumu mno hubeba mabega na nyonga tu na kukiacha kiuno bila ya egemeo, na laini mno huzamisha nyonga hata uti wa mgongo ukapinda.

Kwa hivyo mnunuzi asione haya kujilaza dukani, tena kwa muda wa kutosha na kwa ubavu aliouzoea. Kuminya godoro kwa kiganja, kama wafanyavyo wengi, si kipimo. Aliyefuatana naye atazame mgongo wake: alalapo ubavu, uti unyooke. Akiona taabu kugeuka, godoro hilo ni laini kwake, khasa akiwa mtu mzito. Katika magodoro mawili ya sponji yenye ukubwa mmoja, lililo zito zaidi kwa kawaida ndilo linalochelewa kubonyea.

Hata hivyo, kabla ya fedha kutoka, kitanda chenyewe kitazamwe. Chaga zilizovunjika na kamba zilizolegea hulifanya godoro jipya liwe na bonde kama la zamani; kamba zikazwe kwanza. Godoro la usufi lililogandamana nalo si la kutupwa. Lipasuliwe, usufi uchambuliwe na kuanikwa juani, kisha fundi alijaze tena. Wapo waliokwisha kununua godoro la pili ilhali kosa lilikuwa katika chaga.

Godoro, hata likiwa zuri namna gani, ni la usiku. Katika utafiti wa mwaka 1995 uliowahusu wafanyakazi 186 wa Jiji la Helsinki, waliopatwa na maumivu ya kiuno ya ghafla na kuamriwa kulala siku 2 walichelewa kupona kuliko walioendelea na shughuli zao kwa kadiri walivyoweza.

Mgonjwa anayepata ganzi baina ya mapaja, udhaifu wa miguu, au anayeshindwa kuzuia haja, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye homa pamoja na maumivu hayo, au anayekonda bila ya sababu, naye amwone daktari bila ya kuchelewa.